Vidato Mia na Kumi na Viwili

Alhamisi ile ya kwanza alichelewa dakika arubaini,
nami nilikuwa nimekwisha kuunoa ulimi.
Muuguzi Ercilia alikuwa ameniahidi: "Ni kijana kama wewe,
anayajua." Anajua nini? Kila mtu anajua.
Shangazi anajua, mgongo humsumbua siku za mvua.
Mwalimu wa michezo anajua, aliwahi kuteguka kifundo.
Daktari wa tatu alijua kuliko wote:
hakuona kitu kwenye picha, basi hapakuwa na kitu.

Valparaíso imening'inia vilimani kama nguo kambani,
na lifti ya reli ya mtaani kwetu ilikufa
nilipokuwa na miaka kumi na mmoja,
mwaka uleule magoti yangu yalipoanza kuwaka.
Toka barabara ya bandari hadi mlangoni petu
ni vidato mia na kumi na viwili.
Wenye magoti yao hawavihesabu.

Amaro aliingia na mkongojo wa buluu,
jasho puani, ukungu wa Julai nyweleni.
Hakuomba radhi. Alikaa, akavua kiatu kimoja, akasema:
"Kidato cha sitini na nane kimemeguka ukingo.
Nimepumzika hapo. Kuna paka wa manjano."

Nikameza yote niliyokuwa nimeyanoa.
Paka yule namjua.
Nami hupumzika hapo.

Hakuja kuniponya, alisema; angekuwa na dawa
angeanza na kiuno chake mwenyewe.
Alikuja na vitu vidogo vya mfukoni:
soksi zivae kitandani, mwili kabla haujapata habari;
kopo la jamu ligonge kwa kijiko, usishindane nalo;
siku ni nauli, usiimalize kituo cha kwanza;
mwalimu mwandikie karatasi, fupi,
isiyo na neno samahani.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Wa kwake na wa kwangu walikuwa ndugu.
Tuliwasengenya, tukacheka
hadi mama akachungulia toka jikoni
kutazama kama kuna anayelia.

Alhamisi ya tisa simu iliita.
"Yasna, leo siwezi."
Basi. Hakutaja mvua, hakutaja basi, hakusema amelala vibaya.
Nilikasirika, kisha nikaligeuza neno lile mkononi
kama sarafu ya nchi nisiyoijua.
Siwezi.
Miaka mitano nimesema nimechoka tu, nimekula kitu kibaya,
nitakuja baadaye, tangulieni.
Hatukukata simu. Hatukusema pia.
Kwake mbwa walibweka, kwetu birika lilichemka,
na meli ilipopiga honi bandarini
niliisikia mara mbili:
dirishani kwangu, na kwake ndani ya simu.

Sasa nina miaka kumi na tisa na mkongojo wangu, mwekundu.
Kilima ni kingine, vidato ni tisini na vinne,
nimechelewa dakika thelathini na tano.
Mama mtu anapindapinda kitambaa cha vyombo:
"Rayén hataki kuonana na mtu. Amejifungia tangu jana."
Nasema si kitu, naomba nikae.
Nakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wake,
kwa kuwa kusimama kungekuwa uongo.

Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga njiani, kidato kwa kidato,
na yote yamebaki huko chini.
Namwambia mlango kwamba ngazi yao haina paka hata mmoja.
Kimya. Redio ya jirani. Harufu ya kitunguu.
Nanyoosha goti, linalia kama kiti cha zamani,
na nadhani amelisikia, maana kitanda kimelia pia.

Baadaye sana, sauti ya chini, karibu na tundu la ufunguo:
"Una ngapi leo, moja hadi kumi?"
"Sita. Saba kwenye ngazi yenu. Wewe?"
"Nane."
"Mh. Nane ni nyingi."
Kitasa kinazunguka nusu, kinasita.
"Sogea basi," anasema. "Umeuegemea mlango."